BE2c ya kuwakumbuka wapagazi: namna ya kuijenga hapa Tanga

Tanga, kwa mtu wa pwani, ni nguo inayoshika upepo. Ndege ya vita ya mwaka 1916 nayo ni hivyo hivyo: mbao, waya na nguo. Kwa hiyo anayetaka kujenga mfano wa BE2c, ndege ya Uingereza ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwa ukubwa wake kamili katika mji huu asihangaike kumtafuta injinia wa ndege. Amtafute fundi wa majahazi, fundi wa kushona matanga na fundi wa eksosi. Wakikubaliana bei watu hao watatu, kazi kubwa imeshapata wenyewe.

BE2c ilibuniwa Farnborough, Uingereza, na ilianza kutengenezwa mwaka 1914. Kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps, yaani jeshi la anga la Uingereza la wakati huo, chenye watu wengi kutoka Afrika Kusini, kilishuka Mombasa tarehe 31 Januari 1916 kikiwa na ndege za aina hii. Zilitumika kuchungulia mbele ya majeshi ya Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, yaliposhuka kuifuata reli ya Usambara, na Julai mwaka huo mji wa Tanga ukaangukia mikononi mwa Waingereza. Hapa pana kosa moja la kuepuka tangu siku ya kwanza. Kibao cha maelezo kisiseme kwamba ndege hii ilipigana vita vya Tanga. Vile vya Novemba 1914, vya Ras Kazone, vilipiganwa bila ndege. Kosa la tarehe kwenye kibao huishi miaka mingi kuliko nguo ya bawa.

Kuhusu heshima yenyewe, rubani ana makaburi na vitabu vyake. Walioifanya ndege iruke katika nchi hii ni waliofyeka msitu wapate kiwanja, na waliobeba madebe ya petroli kichwani kutoka mwisho wa reli. Jina lao limebaki Dar es Salaam katika Kariakoo, yaani Carrier Corps (kikosi cha wapagazi) iliyopita katika ulimi wa Kiswahili, na makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao. Ndege ijengwe kwa ajili yao, na mpangilio wa maonyesho uoneshe hivyo. Nitarudi kwenye madebe mwishoni.

Vipimo

Upana wa mabawa ni mita 11.28, urefu mita 8.31, kimo karibu mita 3.4, na eneo la mabawa ni mita za mraba 34.5. Upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma ni mita 1.68. Mabawa yako mawili, la juu na la chini, yakiachana kama mita 1.9. La juu limetangulia mbele kwa kama sentimita 60. Yote mawili yamepanda kuelekea ncha kwa nyuzi 3.5, na ukingo wa mbele umeinuka kwa kama nyuzi 4. Nguzo kati ya mabawa ni 8, nne kila upande, na nyingine 4 fupi zinaunganisha kiwiliwili na sehemu ya katikati ya bawa la juu. Viti ni viwili, na wengi huviweka kinyume: mwangalizi hukaa mbele, chini ya bawa, amezungukwa na nguzo na waya, rubani yuko nyuma yake. Ulaya mpangilio huo uliwaua watu, maana mwangalizi hakuwa na pa kuelekeza bunduki. Huku mwaka 1916 hapakuwa na ndege ya adui ya kupigana nayo. Adui alikuwa jua, unyevu na msitu.

Banda la kujengea liwe na mita 14 kwa 11, sakafu iliyonyooka, na mlango wa mita 4. Bawa la juu na la chini hugawanyika kushoto na kulia, yaani mabawa manne ya kutolewa, kila moja ni zaidi kidogo ya mita 5, kwa hiyo yanaingia kwenye Fuso bila shida. Kiwiliwili kitachomoza nyuma. Kifungwe kitambaa chekundu.

Mbao, na kwa nini gundi nyeupe haifai

Ndege ya asili ilikuwa ya sprusi kwa sehemu kubwa, na eshi palipohitaji ugumu. Mtiki wa Longuza uko karibu na ni mzuri, lakini ni mzito kwa mabawa. Uwekwe kwenye miguu na sehemu zinazogusa unyevu. Kwa boriti za mabawa na mihimili ya kiwiliwili tumia paina, ya Shume au ya Sao Hill, iliyochaguliwa kipande kwa kipande. Nyuzi za mbao zisikengeuke zaidi ya sentimita 1 katika kila sentimita 15, na fundo lolote linalozidi upana wa kidole ni sababu ya kukataa. Kwa boriti, nunua vipande 24 vya mbili kwa nne vya futi 12 ili upate 16 vinavyofaa. Muuzaji atanuna, mwache anune.

Mbao hizo huuzwa mbichi. Zipange kivulini juu ya papi, hewa ipite kila upande, na uchague kipande kimoja cha kukipima uzito kila wiki. Kinapoacha kupungua kwa wiki tatu mfululizo, zimekauka kadiri hewa ya Tanga inavyoruhusu. Ukiziunga kabla ya hapo, boriti itajipinda ikiwa ndani ya nguo, na huwezi kuinyoosha bila kuchana kila kitu.

Boriti ya mbele ipigwe randa hadi milimita 40 kwa 85, ya nyuma 40 kwa 65. Kila bawa lina mbili, jumla ni 8. Futi 12 hazitoshi, hivyo unga vipande viwili kwa mshazari wa 1 kwa 12: unene wa sentimita 4 unahitaji mshazari wa sentimita 48. Mshazari mfupi hufunguka. Usiuweke mahali nguzo inaposhika, na wa boriti ya mbele usikae sambamba na wa nyuma.

Gundi nyeupe ya mbao, ile ya samani, isitumike kwenye kiungo chochote kinachobeba. Mwaka 1915, wakati wa kuiwinda manowari Königsberg huko Rufiji, ndege za maji zilizoletwa kutoka Uingereza ziliharibikiwa gundi na mipira kwa joto na unyevu. Pwani ni ile ile. Tumia epoksi ya mikebe miwili, uchanganye kidogo kidogo, maana mchana wa Februari mkebe ukijaa hupata moto na kuganda kabla hujamaliza kupaka. Paka asubuhi. Usikaze vibano mpaka gundi yote itoke. Kiungo kikavu ndicho kinachoachia.

Mbavu 64

Fundi wa jahazi ataziita mataruma, na hana kosa. Ukiweka ubavu kila sentimita 35, bawa moja linahitaji 16, na mabawa manne 64. Tumia plaiwudi ya marini ya milimita 6. Ubao wa mita 2.44 kwa 1.22 unatoa mbavu 8 zikilazwa kwa urefu, kila moja ikipewa ukanda wa sentimita 14. Kipande cha sentimita 76 kinachobaki pembeni kinatoa vibavu vifupi vya ukingo wa mbele, vinavyokaa katikati ya mbavu kuzuia nguo isizame. Mbao 8 zinatosha kwa hesabu. Nunua 10.

Tengeneza ubavu mmoja wa kalibu kwa plaiwudi ya milimita 12, uusugue kwa msasa mpaka mkono usisikie kona, kisha ndio uwe mama wa wengine wote. Usichore ubavu wa pili kutoka kwa wa kwanza na wa tatu kutoka kwa wa pili. Kufikia wa ishirini umbo limeshahama kwa milimita 5 na bawa linaonekana kama mgongo wa punda. Tundu la boriti liwe kubwa kwa milimita 1 kuliko boriti. Likibana sana, ubavu unapotelezeshwa hukwangua gundi yote na kuisukuma mbele.

Upande wa chini wa ubavu una mbonyeo, umeingia ndani kama tumbo la mwenye njaa. Usiunyooshe kwa kurahisisha kazi. Mbonyeo huo ndio unaoifanya ndege ya zama zile ionekane ya zama zile, na ndio utakaokusumbua kwenye nguo.

Kiwiliwili ni sanduku refu la mihimili minne inayokutana nyuma kwenye mkia. Asili yake imefungwa ndani kwa waya za mshazari kila chumba. Hapa tunashauri kutoshikilia asili: waya zilizofichwa na nguo hazionekani na mtu, na kila kikaza waya ni mahali pa kutu. Weka mishazari ya papi na kona za plaiwudi ya milimita 4. Waya za nje, zinazoonekana, ziwe za kweli.

Nguo

Eneo la kufunika, pande zote za mabawa, mkia na kiwiliwili, ni karibu mita za mraba 96. Ukiongeza pindo na makosa, hesabu 120, yaani mita 80 za nguo yenye upana wa mita 1.5. Asili ilikuwa kitani cha Ireland. Merikani nzito ndiyo ndugu yake wa karibu dukani, na rangi yake ya maziwa yaliyochacha inafanana sana na kitani kilichopakwa dawa bila rangi.

Usiifue. Merikani isiyofuliwa ina wanga, na itarudi ikilowa. Kule kurudi ndiko kunakoikaza juu ya mbavu. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, kiloweshe, kikaushe juani, ukipime. Kikipungua chini ya sentimita 1, nguo hiyo imeshakazwa kiwandani, tafuta nyingine.

Ivalishe bawa ikiwa imelegea kidogo, iunganishwe kwenye ukingo wa nyuma, kisha kabla ya maji kushuka, shona. Hapa ndipo fundi wa matanga anapolipwa. Nguo ya chini ikilowa hukaza na kujiondoa kwenye mbonyeo, ikavuka moja kwa moja kama ngoma, na umbo la bawa linapotea. Gundi peke yake haiizuii. Kila ubavu ushonwe kwa sindano ndefu kutoka upande hadi upande, uzi wa nailoni uliopakwa nta, fundo kila sentimita 10. Kwa ubavu wa mita 1.68 ni mafundo 16 hivi. Kwa mbavu zote yanapita elfu moja. Kisha juu ya mshono bandika utepe wa merikani wa sentimita 5.

Baada ya hapo nyunyizia maji pande zote mbili siku hiyo hiyo. Anayelowesha juu leo na chini kesho hukuta bawa limejipinda kama parapanda, kwa sababu upande uliokauka kwanza umelivuta. Ikikauka, paka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu (hapa ndipo mahali pake), mikono miwili, halafu rangi ya maji ya nje mikono miwili. Usisahau tundu za milimita 8 upande wa chini, karibu na ukingo wa nyuma, moja kati ya kila mbavu mbili. Asubuhi bawa hutoa jasho ndani, na jasho lisilo na pa kutokea huozesha.

Duara za utambulisho zina uwiano wa 5, 3 na 1: bluu ya nje sentimita 120, nyeupe 72, nyekundu 24. Kwenye usukani wa nyuma, bluu iko mbele, nyeupe katikati, nyekundu nyuma. Namba ya ndege iwe ya ndege unayoiona kwenye picha ya zamani ya huku, la sivyo acha bila namba.

Waya

Kwenye ndege ya asili waya za nje zilikuwa fimbo za chuma zilizobapwa zipite upepo vizuri. Kamba ya chuma iliyosokotwa ni rahisi kupata, ila kwa mtazamaji aliye karibu inaonekana ni ya mnara wa simu. Fimbo ya chuma cha pua ya milimita 6 inapendeza zaidi. Diagonali ya chumba kimoja ni karibu mita 3.1; ukitoa vishikio vya sentimita 10 kila ncha, fimbo ni mita 2.9, hivyo ya mita 6 inatoa mbili. Za mabawa ni 24: nne za kubeba ndege ikiwa chini na nane za kuibeba ikiwa hewani, kila upande. Za kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma ni 8, fupi. Jumla fimbo 16 za mita 6. Ncha moja ichongwe nyuzi za kulia na nyingine za kushoto, ili ukizungusha fimbo ikaze pande zote kwa pamoja.

Utaratibu ni huu. Weka kiwiliwili kwenye pima maji, urefu na upana, juu ya stendi, mkia ukiwa umeinuliwa. Simamisha sehemu ya katikati ya bawa la juu, dondosha timazi kutoka ukingo wake wa mbele, na uhakikishe sentimita 60 za kutangulia. Ndipo mabawa yafungwe. Kaza kwanza waya za kubeba chini, maana hizo ndizo zitakazofanya kazi maisha yote ya ndege hii. Vuta uzi na upime: kwa kila mita 4 kutoka kwenye kiwiliwili, bawa liwe limepanda sentimita 24 na nusu. Ukingo wa mbele uwe juu ya wa nyuma kwa sentimita 12 hivi. Waya za hewani zikazwe mwisho, mpaka zinyooke tu. Anayezikaza zilie kama gambusi huipinda boriti, kisha hukaza upande wa pili kurekebisha, na jioni ana ndege yenye mabawa mawili yasiyofanana. Waya zinapokatana zifungwe kijiti cha mbao katikati, vinginevyo upepo wa usiku utazisugua mpaka zikatike.

Chuma cha pua kikigusana na alumini karibu na bahari, alumini huliwa. Weka washa za nailoni na grisi.

Injini na pangaboi

Injini ya ndege hii, RAF 1a, ilikuwa ya silinda 8 katika umbo la V, ikipozwa kwa hewa, nguvu farasi 90. Kipenyo cha ndani cha silinda kilikuwa milimita 100, kwa hiyo bomba la plastiki la inchi 4 linakaa vizuri kama kiini. Juu yake zivishwe pete za alumini ya milimita 2, 20 kwa kila silinda, zikiachana milimita 5: pete 160, kazi ya siku mbili kwa fundi mwenye mashine. Mabomba mawili ya moshi yanapanda wima mpaka juu ya bawa la juu. Fundi wa eksosi anayapinda bila kuuliza maswali.

Pangaboi lina panga nne, kipenyo kama mita 2.7. Tengeneza mapanga mawili ya mbili mbili kwa mkangazi uliounganishwa tabaka kwa tabaka, yakatane katikati kwa kutoboleana nusu. Kabla ya kuchonga, tazama picha uone linazunguka kulia au kushoto. Likichongwa kinyume haligeuziki, na atakayelitambua ni yule yule mgeni mmoja atakayelisema mbele ya watu wote. Lifungwe lisizunguke, watoto ni watoto.

Itataka kuruka

Ndege ya kweli ikiwa na mzigo ilikuwa na zaidi ya kilo 1,000. Ya kwetu, bila injini, itakuwa na kama kilo 350 juu ya mabawa yale yale. Hesabu inatoa jibu la kutisha: upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiingia kwa mbele, huku mkia uko chini, unaweza kuinyanyua. Kusi ya Juni na Julai hailazimiki kukasirika kufikia hapo.

Kwa hiyo mambo matatu. Mkia ukae juu ya stendi, ndege iwe ulalo, ili mabawa yasikabili upepo kwa pembe kubwa. Pili, paa la mabati au makuti, lililo wazi pembeni, kwa ajili ya jua zaidi kuliko mvua. Tatu, vitalu vinne vya zege vya sentimita 50 kila upande, kila kimoja kama kilo 300, viwili chini ya nguzo za nje za mabawa, kimoja chini ya ekseli na kimoja chini ya mkia. Zege ya 1:2:4 inataka mifuko 4 ya saruji kwa vyote. Pete ya nondo ya milimita 12 izamishwe kabla zege halijashika, ipigwe rangi ya kuzuia kutu, na kamba ifungwe kwenye boriti, sio kwenye nguzo. Nguzo hubeba mgandamizo, ukizivuta zinachomoka.

Magurudumu ya pikipiki ya rimu 19 yenye tairi jembamba yanakaribia ukubwa wake. Yafunikwe sahani za nguo kuficha spoku. Uzito usikae kwenye tairi. Weka kigingi cha chuma nyuma ya ekseli, kipakwe rangi ya udongo, tairi ziguse ardhi kwa heshima tu.

Kila mwezi osha vyuma kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kila msimu unapogeuka, kusi kuja kaskazi au kaskazi kuja kusi, kagua waya na uzibue tundu za chini. Nyigu hupenda kuzijaza udongo.

Madebe

Petroli ilisafirishwa kwenye madebe ya galoni 4, karibu lita 18, mawili katika sanduku la mbao. Petroli ya debe moja ina uzito wa kilo 13 hivi, kwa hiyo sanduku lilikuwa mzigo wa mtu mmoja. Fundi bati atengeneze madebe 20, kila moja litiwe lita 8 za mchanga mkavu, ambao unafikia uzito ule ule, kisha mfuniko ulehemiwe. Masanduku 10 yapangwe mbele ya pua ya ndege, mahali mgeni anapoanzia, sio nyuma. Tisa yafungwe kwa misumari sakafuni. La kumi liachwe huru, na ngata juu yake, kwa atakayetaka kulijaribu kichwani.